Maisha ya Władysław Starewicz na Mafunzo Yake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Miongoni mwa zana za kufundishia ambazo mwalimu wa shule ya msingi huweza kuzitengeneza mwenyewe, filamu ndiyo iliyodhaniwa kwa muda mrefu kuwa nje ya uwezo wake. Chati huchorwa kwa makaa au rangi, vihesabio huokotwa chini ya mti, na ramani ya milima hufinyangwa kwa udongo. Lakini filamu, kwa maoni ya wengi, ni kazi ya mafundi wa mijini wenye mitambo na fedha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maoni hayo hayana msingi. Njia tuliyoichagua ni kusimulia maisha ya Władysław Starewicz, aliyefariki mwaka 1965, mtu aliyewageuza wadudu waliokufa na wanasesere wa kitambaa kuwa waigizaji wa sinema.

Tunawaandikia hasa wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule kama zile za Zuzu, upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma. Zuzu ndiko kiliko kituo kikubwa cha kupozea umeme cha Dodoma, na nguzo zake huonekana kutoka mbali. Simu yenye kamera imo mikononi mwa walimu wengi. Na watoto wa Ugogo, hasa wale wanaochunga, hufinyanga ng'ombe wa udongo na kuunda magari ya mabua ya mtama bila kufundishwa na mtu mzima. Tutaona kwamba vitu hivyo vinatosha kutengeneza filamu fupi ya somo. Tutaona pia kwamba zana hii ina hatari yake, na kwamba hatari hiyo ilijitokeza mapema katika kazi za Starewicz mwenyewe.

Utoto wake

Starewicz alizaliwa mjini Moscow tarehe 8 Agosti 1882. Wazazi wake walikuwa Wapolandi, na wakati huo nchi yao ilikuwa chini ya Dola ya Urusi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na babu na bibi yake mjini Kaunas, katika nchi ya Lithuania ya leo. Huko ndiko alikojenga mapenzi mawili ambayo hayakumtoka hadi kufa: kuwachunguza wadudu, na kuchora picha. Aghalabu mapenzi ya namna hiyo kwa mtoto huhesabiwa kuwa ni mchezo wa kupoteza wakati. Mwanachuo ayakumbuke haya atakapomkuta mwanafunzi wake amechuchumaa nyuma ya darasa akiwatazama sisimizi wakivuta mzoga wa panzi.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ukarani, lakini muda wake wa ziada aliutumia katika sanaa, maigizo na ukusanyaji wa wadudu. Kisha akashirikiana na jumba la makumbusho la Kaunas, na katika miaka ya 1909 na 1910 akalitengenezea filamu fupi za kuelimisha umma. Basi tuone jambo hili waziwazi: mtu huyu hakuingia katika sinema kwa kutafuta burudani. Aliingia kwa sababu alikuwa na jambo la kufundisha, na maneno peke yake hayakumtosha.

Mbawakawa waliokataa kupigana

Wako mbawakawa wakubwa wa Ulaya ambao madume yao yana taya ndefu zilizogawanyika mithili ya pembe za paa. Madume hayo hupigana kwa taya hizo wakati wa kutafuta jike. Starewicz aliwajua vyema, akataka kuwaonyesha watu pambano hilo katika filamu. Aliwaweka mbele ya kamera, lakini kizuizi kikajitokeza papo hapo. Wadudu hao hupigana gizani, na kamera ya siku zile haikuweza kuona bila taa kali. Kila taa zilipowashwa, mbawakawa walilala kimya wasitikisike.

Hapo ndipo alipokumbuka kazi ya Mfaransa Émile Cohl, aliyetengeneza mwaka 1908 filamu ambayo ndani yake vijiti vya kiberiti vilionekana vikitembea vyenyewe. Siri ya kazi ile ilikuwa nyepesi kueleweka. Kitu hupigwa picha moja, husogezwa kidogo, hupigwa picha ya pili, husogezwa tena, na kuendelea hivyo hivyo. Picha hizo zikipitishwa haraka mbele ya macho, jicho haliwezi kuzitenganisha, na mtazamaji huona mwendo mmoja usiokatika.

Starewicz alichukua mbawakawa waliokwisha kufa. Akaikata miguu na taya zao, kisha akavirudishia mahali pake kwa nta, ili kila kiungo kiweze kupindwa na kubaki kilivyopindwa. Kwa subira kubwa akawapanga wadudu hao katika pambano, picha baada ya picha. Filamu hiyo, aliyoipa jina la kisayansi la mdudu huyo, Lucanus Cervus, ilikamilika mwaka 1910, na wanahistoria wa sinema huihesabu miongoni mwa filamu za kwanza kabisa za wanasesere.

Mwanachuo asiharakishe kulipita tukio hili. Starewicz hakuanza na mdudu wa bandia. Alianza na mdudu aliye hai, akamtazama kwa muda mrefu, akajua jinsi anavyoinua kichwa na jinsi anavyomkamata adui yake. Ni baada ya kitu halisi kushindwa kuonyeshwa ndipo alipotafuta mfano wake. Na mfano huo ulifanana na ukweli kwa sababu aliyeutengeneza alikuwa ameuona ukweli kwanza.

Watu wazima wanadanganyika

Mwaka 1911 Starewicz alihamia Moscow, akaajiriwa katika kampuni ya filamu ya Aleksandr Khanzhonkov. Mwaka uliofuata ilitolewa filamu yake iliyowaonyesha mbawakawa wakiwa wafalme na askari, wakipigania mapenzi ya malkia mrembo. Filamu hiyo ilienea nje ya Urusi. Ilipoonyeshwa London, baadhi ya waandishi wa magazeti waliamini kwamba wadudu wale walikuwa hai na kwamba bingwa fulani wa Urusi alikuwa amewafunza kuigiza. Alitengeneza pia filamu ya hekaya ya panzi na sisimizi: panzi aimbaye msimu wote wa neema bila kuweka akiba, hata njaa ikamkuta. Kwa kazi hiyo mfalme wa Urusi alimtunukia nishani.

Sasa tutafakari. Ikiwa watu wazima wenye elimu, katika mji mkubwa kama London, waliamini kwamba mbawakawa anaweza kufunzwa kushika upanga, mtoto wa darasa la pili ataamini mangapi? Filamu ina nguvu kuliko chati, kwa kuwa mtoto huiamini kama anavyoyaamini macho yake. Mwalimu akionyesha mbegu ya udongo ikichipua majani kabla ya mizizi, kosa hilo litakaa kichwani mwa mtoto kwa muda mrefu kuliko kosa lililoandikwa ubaoni, maana la ubaoni hufutwa.

Zaidi ya hayo, Starewicz alitengeneza filamu za namna mbili, na tofauti yake ni kubwa. Katika ile ya mwaka 1910 alijitahidi kumwonyesha mbawakawa kama aishivyo. Katika zile zilizofuata aliwavisha wadudu mavazi na kuwapa tabia za wanadamu. Zote mbili zina nafasi yake darasani, lakini si katika kipindi kimoja. Ya kwanza ni ya somo la sayansi. Ya pili ni ya hadithi na maadili. Mwalimu anayezichanganya bila kuwaeleza watoto huwafunza uongo pasipo kukusudia.

Uhamishoni na kazi ya familia

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Starewicz alitengeneza pia filamu nyingi za waigizaji wa kawaida. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 aliondoka Urusi pamoja na familia yake kupitia Crimea. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa Ufaransa, ambako jina lake lilianza kuandikwa Ladislas Starewitch. Baadaye aliweka makao katika mji wa Fontenay-sous-Bois, karibu na Paris.

Nchi na ajira alikuwa ameviacha nyuma, lakini ufundi wake ulikuwa mikononi mwake. Karakana yake ilikuwa nyumba ya familia. Mkewe Anna alishona mavazi ya wanasesere. Binti yake mkubwa, Irina, alikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi katika utungaji na utengenezaji. Binti mdogo aliigiza katika baadhi ya filamu kwa jina la Nina Star, akionekana pamoja na wanasesere. Mbali ya wadudu, Starewicz sasa aliunda wanyama wenye kiunzi cha ndani chenye viungo, wakafunikwa kwa ngozi laini na kitambaa ili nyuso zao ziweze kubadilika.

Kazi yake ndefu kuliko zote ilikuwa filamu ya visa vya mbweha mjanja, vilivyotokana na hekaya za kale za Ulaya, zinazofanana kwa namna fulani na hekaya zetu za sungura. Upigaji wa picha ulichukua muda wa miezi 18, ukamalizika yapata mwaka 1930. Hata hivyo, kulizuka matatizo ya kuunganisha sauti, jambo lililokuwa bado jipya. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1937, ikiwa na sauti ya Kijerumani. Ya Kifaransa ilitoka mwaka 1941. Ili mwanachuo aone ukubwa wa kazi hiyo, na afanye hesabu: filamu ya sauti hupita kwa mwendo wa picha 24 kila sekunde. Dakika moja hudai picha 1,440, na saa moja hudai picha 86,400. Filamu ile ilizidi saa moja.

Mbwa mwenye moyo wa chozi

Mwaka 1933 Starewicz alitoa filamu ambayo, kwa maoni yetu, inamhusu mwalimu wa watoto wadogo kuliko zote. Mama mmoja maskini anashona wanasesere ili wauzwe. Mwanawe ni mgonjwa kitandani, anatamani chungwa, lakini fedha ya kununulia haipo. Chozi la mama linaangukia ndani ya mbwa wa kitambaa anayeshonwa, na chozi hilo linakuwa moyo wake. Mbwa yule anachukuliwa pamoja na wenzake kwenda kuuzwa. Anaponyoka, analipata chungwa, na kwa usiku mzima anakabiliana na mashetani na vitimbakwiri vya mjini vinavyotaka kumnyang'anya, mpaka amfikishie mtoto.

Hakuna mtoto anayehitaji kuelezwa kisa hicho kwa maneno mengi. Kinaeleweka kwa sababu kitu kilichopo mbele ya macho ni kimoja: mbwa mdogo na chungwa lake. Hapa mwanachuo ajifunze kanuni ya kuchagua jambo moja kwa filamu moja. Walimu wapya hupenda kusheheneza somo kwa mambo kumi, na mwisho wa kipindi mtoto hatoki na hata moja.

Miaka hiyohiyo, hapa Tanganyika, filamu za elimu zilikuwa zikitengenezwa kwa njia nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ulikuwapo mradi wenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulioongozwa na Waingereza Notcutt na Latham. Mradi huo ulitengeneza filamu kadhaa za kilimo, afya na mambo ya maisha, ukazionyesha kwa gari la sinema katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Waafrika waliigiza ndani ya filamu hizo, lakini madaraka ya kuamua jambo gani lifundishwe na kwa namna gani hayakuwa mikononi mwao. Tofauti hii ina maana kwetu. Chombo kile kile, kamera, kinaweza kumweka mwanafunzi mahali pa kupokea tu, au kinaweza kumweka mahali pa kutengeneza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Starewicz aliendelea kuwatengenezea watoto filamu, mojawapo ikiwa ya twiga mchanga anayefika Paris. Alifariki Fontenay-sous-Bois tarehe 26 Februari 1965, akiwa na umri wa miaka 82, na filamu aliyokuwa akiitengeneza ikabaki bila kumalizika.

Sanaa hii haikufa pamoja naye, wala haikubaki Ulaya. Moustapha Alassane wa Niger, aliyeishi kuanzia mwaka 1942 hadi 2015, alianza kwa kuwaonyesha watoto wa kwao picha za vivuli, akaja kuwa baba wa filamu za uhuishaji katika Afrika ya Magharibi. Mwaka 2001 alitoa filamu ya wanasesere inayoonyesha mieleka ya wanyama. Nchini kwetu, kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa mwaka 2014, kimefundisha hisabati na sayansi kwa katuni zilizochorwa kwa kompyuta jijini Dar es Salaam.

Namna ya kuyatumia haya darasani

Tuchukue somo la kutoa katika hisabati za madarasa ya chini. Watoto wafinyange ng'ombe tisa, wenye vijiti ndani ya miguu ili wasianguke. Udongo ufunikwe kwa kitambaa kibichi kila kazi inaposimama, kwa maana udongo ukikauka hupasuka. Zizi lijengwe kwa vijiti juu ya meza. Simu iegemezwe kwenye matofali na kufungwa kwa kamba, isiguswe isipokuwa kwa kubonyeza, kwani ikisogea kidogo tu zizi zima litaonekana likiruka. Dirisha lizibwe na taa moja itumike, kwa sababu mwanga wa jua hubadilika kila wingu linapopita.

Ng'ombe wanne watoke zizini mmoja mmoja, kila mmoja akisogezwa kwa upana wa kidole kimoja kati ya picha na picha. Kwa filamu ya darasani, picha 12 kwa sekunde zinatosha. Hivyo sekunde 20 zitadai picha 240. Mtoto mmoja asogeze, mwingine abonyeze, wa tatu ahesabu na kuandika. Kisha mwalimu aziunganishe picha kwa programu ya simu. Filamu itakapoonyeshwa, isimamishwe ng'ombe wa nne anapotoka, na watoto waulizwe waliobaki zizini ni wangapi. Mahali pasipo na simu, watoto wachore ng'ombe kwenye pembe za kurasa za daftari kuukuu, kila ukurasa akiwa amesogea kidogo, kisha wazipeperushe kurasa hizo kwa kidole gumba. Kanuni ni ileile.

Katika kazi hiyo watoto watakuwa wamehesabu hadi 240, wamepima umbali, wamegawana kazi na wamesubiriana. Na la muhimu zaidi, mtoto aliyemsogeza ng'ombe wa udongo kwa mkono wake hawezi kudanganywa naye. Hii ndiyo dawa ya ile hatari ya London: tusiwafiche watoto namna filamu inavyotengenezwa, bali tuwape waitengeneze.

Hata hivyo, mwalimu asiwe mtumwa wa zana mpya. Kitu halisi kikiwapo, mwanasesere akae pembeni. Lava wa mbu wanaweza kuwekwa katika chupa ya maji yenye kifuniko cha wavu na kutazamwa siku hadi siku. Sisimizi wako nje ya mlango. Kuku na mbuzi wanapita uwanjani. Filamu itumike kwa mambo yasiyoonekana kwa urahisi: mzunguko wa dunia kulizunguka jua, safari ya chakula ndani ya mwili, au mzizi wa uwele unavyoshuka chini ya ardhi. Na hata hapo, watoto waoteshe kwanza mbegu za uwele katika kopo, wazifukue, wazitazame na kuzichora, kama Starewicz alivyowatazama mbawakawa kabla ya kushika nta.

Maswali ya kujadili

1. Chagua mada moja ya sayansi ya shule ya msingi. Eleza kwa nini mada hiyo inahitaji, au haihitaji, filamu ya wanasesere.

2. Mwanafunzi wako anakuuliza kama mbawakawa wanaweza kweli kufunzwa kupigana kwa panga. Utamsaidiaje alipate jibu yeye mwenyewe?

3. Tayarisha andalio la somo la kutoa kwa kutumia ng'ombe wa udongo, ukionyesha kazi ya kila kikundi cha wanafunzi katika darasa lenye watoto 60.

4. Orodhesha vitu vya kuchezea ambavyo watoto wa mahali ulipopangiwa mazoezi huvitengeneza wenyewe. Kwa kila kimoja, taja somo ambalo kinaweza kulitumikia.